Kuoanisha na Kuunganisha: Istilahi za Uso Mfululizo

Mfasiri anayeeleza jinsi data za ramani zenye skeli mbalimbali zinavyofanywa uso mmoja hushawishika kutumia neno "kuchanganya". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini neno hilo halifai.

Tuchukue mfano wa mwambao wa Tanzania. Miinuko ya nchi kavu ilipimwa Februari 2000 kwa rada iliyokuwa katika chombo cha anga cha Marekani, Endeavour. Data zake zimepangwa katika miraba yenye upande wa meta 30 hivi. Vina vya bahari vimo katika gridi ya GEBCO, mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 1903. Karibu na Ikweta, miraba ya gridi hiyo ina upande wa meta 460 hivi. Hivyo mraba mmoja wa bahari hulingana na miraba 225 ya nchi kavu. Tukiugawa mara 225 tutapata miraba midogo, lakini hatutapata kina kipya hata kimoja kilichopimwa.

Ipo pia tofauti ya sifuri. Miinuko huhesabiwa kuanzia usawa wa wastani wa bahari, ilhali vina vya ramani za mabaharia huhesabiwa kuanzia kiwango cha chini cha maji kupwa. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. Sifuri hizo zisiposawazishwa, ufukweni hutokea kipandio kisichokuwapo, na ofisa anayekadiria mafuriko huweza kukosea nyumba zipi zimo hatarini.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Kuoanisha: kuzifanya data zitumie sifuri moja na vizio vya aina moja.

(b) Kuunganisha: kuziungamanisha data zilizokwisha kuoanishwa.

(c) Uso mfululizo: uso usio na pengo wala kipandio bandia. Tumeepuka "uso endelevu" kwa kuwa neno endelevu limekwisha kuzoeleka katika masuala ya maendeleo na mazingira.

"Kuchanganya" kubakie kwa vitu ambavyo havitambulikani tena vikishakutana, kama sukari na maji. Data za ramani hazipaswi kuwa hivyo: hata baada ya kuunganishwa, msomaji ni lazima aweze kujua kila sehemu ilipimwa kwa skeli gani. Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi kazini na kutuletea maoni yao.