Kwa nini dereva wa ambulansi anashuka penye tope?

Mvua imenyesha usiku kucha. Mama ana uchungu wa kuzaa na ambulansi inampeleka hospitali. Kabla ya kuingia kwenye tope, dereva anasimama, anashuka, anainama kwenye gurudumu la mbele la kulia, kisha la kushoto. Watu wanapiga kelele: "Mgonjwa anateseka, wewe unatazama matairi!" Dereva hachezi. Anafunga habu.

Habu ni nini?

Kwenye Land Cruiser nyingi za kubebea wagonjwa, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kishikio kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Pameandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake, bila kushikana na ekseli. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na vyuma vya mbele havichakai bure. Kikiwa LOCK, gurudumu limeshikana na ekseli. Hapo dereva akiingiza gia ndogo ya pembeni, magurudumu yote manne yanavuta.

Habu zote mbili lazima ziwe sawa. Moja ikiwa LOCK na nyingine FREE, difu inapeleka nguvu upande ulio huru, na gurudumu lililofungwa halivuti. Gari linakwama kana kwamba halina nguvu mbele.

Mzazi, soma hapa

Gari likiegeshwa, watoto hupenda kuzungusha vile vishikio. Mtoto hajui alichofanya, na dereva akiitwa usiku kwa haraka huenda asione. Atakapokwama njiani, anayeumia ni mgonjwa aliye ndani. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Mkataze mtoto wako kugusa magurudumu ya gari lolote.

Fundi anawekaje habu za mkono?

Wako kambini vijana waliojifunza ufundi wa magari. Kwa gari la aina hii, kazi huenda hivi:

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma.
2. Fungua kifuniko cha zamani. Toa pete ya chuma inayobana ncha ya ekseli.
3. Fungua nati sita. Gonga polepole ili washa zenye umbo la pia zitoke. Usizipoteze.
4. Safisha kabisa. Mchanga ukibaki ndani, habu mpya itaharibika.
5. Weka gasketi mpya na grisi kidogo. Grisi nyingi inazuia habu kushika.
6. Rudisha washa na nati, ukikaza kwa kupishana, kwa spana ya kipimo. Rudisha pete.
7. Weka kifuniko kishikio kikiwa FREE. Fanya hivyo hivyo upande wa pili.
8. Inua gurudumu kwa jeki, weka mhimili imara chini ya gari, ujaribu. FREE: gurudumu linazunguka, ekseli imetulia. LOCK: vinazunguka pamoja.

Kila mwezi gari liendeshwe kilomita chache habu zikiwa zimefungwa, ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Lakini gia ya magurudumu manne isitumike kwenye lami kavu. Inaharibu difu na usukani unakuwa mgumu.

Wewe ufanye nini?

- Ita ambulansi mapema. Usingoje ukiona damu nyingi, degedege, kuumwa sana kichwa na macho kuona ukungu kwa mjamzito, au mtoto anayeshindwa kunyonya.
- Dereva akishuka kufunga habu, mpe nafasi.
- Mkisukuma gari, msisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka. Linarusha mawe, na gari linaweza kurudi nyuma.
- Msitupe takataka kwenye mitaro ya barabara. Maji yakikosa njia, yanakuja barabarani na kuwa tope.

Kufunga habu ni kazi ya dakika moja. Kulitoa gari kwenye tope kunaweza kuchukua usiku mzima, na mgonjwa hana usiku mzima wa kungoja.