Bukavu: karibu nusu ya mfuko wa simenti inaweza kutoka kwenye ardhi ya Kivu

Katika komine ya Kadutu, nyumba ya mbao ikishika moto mara nyingi haiungui peke yake. Kuta zimeshikana, njia ni nyembamba, na gari la wazima moto halina pa kupitia. Kila baada ya ajali kama hiyo wakaaji wanajiuliza swali lile lile: kwa nini tusijenge kwa matofali? Matofali yako, mchanga uko, mafundi masoni ni wengi. Kinachowashinda watu ni bei ya simenti.

Bei hiyo ina sababu zake, na ya kwanza ni njia. Kiwanda kilicho karibu zaidi na Bukavu ni CIMERWA, ambacho kiko Bugarama, wilayani Rusizi, upande wa Rwanda. Kilianza kutoa simenti mwaka 1984, na Januari 2024 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini iliuza hisa zake asilimia 51 kwa National Cement Holdings ya Kenya. Ni jirani, lakini mfuko wake hauwezi kufika Kadutu bila kuvuka mpaka. Ndani ya Kongo kuna kiwanda cha Kabimba, karibu na Kalemie. Simenti ya huko inapaswa kupanda meli kwenye ziwa Tanganyika mpaka Uvira, halafu ipakiwe kwenye malori ya kupanda kuelekea Bukavu. Kiwanda cha Katana, katika teritware ya Kabare, ndicho kingekuwa cha nyumbani, lakini kimelala miaka mingi. Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipouteka muji na benki zikafunga milango, biashara ya mizigo mizito imezidi kuwa ngumu.

Ndiyo maana aina moja ya simenti inayozungumzwa sana sasa duniani inastahili kutazamwa kwa macho ya Bukavu. Wataalamu wanaiita LC3. Ni simenti ambayo sehemu kubwa ya klinka yake imeondolewa na nafasi kujazwa na udongo uliochomwa pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, bila kuchomwa. Ilitengenezwa na watafiti wa chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Karen Scrivener, pamoja na Fernando Martirena wa Cuba na wenzao wa India. Mwaka 2013 ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kiwandani, huko Siguaney nchini Cuba.

Klinka ndiyo moyo wa simenti ya kawaida, na ndiyo inayochafua hewa. Ili kuipata, mawe ya chokaa na udongo huchomwa mpaka nyuzi 1,450. Moto huo unakula mafuta au makaa ya mawe mengi. Lakini hata kama moto ungekuwa safi kabisa, jawe lenyewe linatoa hewa ya ukaa: kilo 100 za chokaa safi zikichomwa zinapoteza kilo 44 zinazopanda angani. Hapo ndipo inatoka zaidi ya nusu ya uchafuzi wa kiwanda cha simenti. Udongo ni tofauti. Ule wenye kaolini unatosheka na nyuzi kati ya 700 na 850, na kinachotoka ndani yake ni maji.

Hesabu ya mfuko mmoja wa kilo 50 ni hii: klinka kilo 25, udongo uliochomwa kilo 15, chokaa mbichi kilo 7 na nusu, jasi kilo 2 na nusu. Katika simenti kama hiyo hewa ya ukaa inaweza kupungua kwa asilimia 30 mpaka 40 ukilinganisha na simenti ya klinka tupu. Hata hivyo mtu asidanganyike na hesabu hiyo. Viwanda vya kanda hii tayari huchanganya pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano, ndani ya baadhi ya simenti zao. Ukilinganisha na mifuko hiyo, faida kwa hewa itakuwa ndogo zaidi.

Kwa mkaaji wa Bukavu, faida kubwa ni ya barabarani. Lori la tani 30 likivuka mpaka na simenti iliyo tayari, linaleta mifuko 600. Lori hilo hilo likibeba klinka, na udongo na chokaa vikapatikana Kabare, mzigo wake unatosha mifuko 1,200, ukiongeza jasi kidogo. Hakuna haja ya kujenga kiwanda kizima chenye tanuru la nyuzi 1,450. Kinachohitajika ni kinu cha kusagia na tanuru dogo la udongo.

Udongo wenyewe haukosekani. Udongo mwekundu wa milima ya Bukavu na Kabare umetokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa mvua na joto kwa muda mrefu sana, na udongo wa namna hiyo kwa kawaida una kaolini. Hautakiwi uwe mweupe na safi kama ule wa kutengeneza sahani. Asilimia 40 ya kaolini inatosha. Kipimo cha kwanza si cha gharama kubwa: udongo unapashwa mpaka nyuzi 350 hivi, unapimwa uzito, halafu unapandishwa mpaka 600 na kupimwa tena. Kaolini safi inapoteza kama kilo 14 kwa kila 100. Kwa hiyo udongo unaopoteza kilo 5 na nusu au zaidi unastahili kupelekwa kwenye vipimo vya kweli. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB, kina idara ya jiolojia, na kazi kama hiyo ni ya ukubwa wake. Nchini Kenya, mwanakemia Joseph Mwiti Marangu alichapisha mwaka 2020 utafiti wake juu ya simenti ya aina hii iliyotengenezwa kwa vitu vya Kenya.

Chokaa iko Katana, ambako kiwanda cha zamani kilichimba mawe yaliyoachwa na chemchemi za maji moto. Ya Bugarama ni ya asili hiyo hiyo.

Wengine watasema: basi tusage matofali yaliyovunjika. Wazo hilo ni la kale, na watu wa zamani walilitumia pamoja na chokaa. Shida ni tanuru la matofali. Upande mmoja hauivi, upande mwingine unapita nyuzi 900, na udongo uliopita hapo unaanza kufa: haushikamani tena na simenti. Unga mwekundu uliosagwa bila kupimwa, ukiongezwa kwenye simenti ya dukani, ni udanganyifu, na nyumba ndiyo itakayolipa.

Lakini swali gumu zaidi ni kuni. Bukavu inapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo inatoka kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega. Matofali yanachomwa kwa mikaratusi. Tanuru la udongo likiongezwa juu ya hapo, simenti inayosifiwa kwa kulinda hewa itamaliza miti ya Kabare. Pumba za mpunga kutoka bonde la Ruzizi zinaweza kuwaka, na zinapatikana kila mavuno. Gesi ya metani ya ziwa Kivu ingefaa zaidi. Upande wa Rwanda, KivuWatt inaigeuza kuwa umeme tangu mwaka 2016. Umeme wa Ruzizi hautoshi hata taa za muji, kwa hiyo hauwezi kuhesabiwa.

Na udongo utachimbwa wapi? Si kwenye miteremko ya Bukavu. Wakaaji wa Funu wanajua ardhi inavyotembea bila hata kuguswa. Ikiwa ni Kabare, mashamba ya watu yamebanana, na mashimo ya wachoma matofali mabondeni yameshaonyesha kinachobaki mchimbaji akiondoka: maji yaliyosimama na mbu.

Kuna pia jambo la rangi. Udongo wenye chuma ukichomwa unakuwa mwekundu, na mnunuzi wa Bukavu anaamini simenti ni ya kijivu. Kampuni ya CBI Ghana, mjini Tema, iliyojenga tanuru la udongo la zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, ilichagua mtambo unaoweza kurekebisha rangi wakati wa kupoza. Tanuru dogo la Kabare lingehitaji ujuzi huo, au muuzaji mwenye maneno mengi.

Fundi masoni naye atalazimika kubadili mkono. Simenti hii inakunywa maji zaidi, na desturi ya shantie nyingi ni kuongeza ndoo moja mpaka mchanganyiko utembee. Ndoo hiyo inapunguza nguvu. Siku mbili tatu za kwanza inakomaa polepole kidogo, halafu kufikia siku ya saba inaikaribia simenti ya kawaida. Kwenye nguzo, chuma kinapaswa kufunikwa vizuri zaidi kwa zege, kwa sababu kinga yake dhidi ya hewa ya ukaa inayopenya ni ndogo kuliko ya simenti ya klinka tupu. Ulaya ilikubali michanganyiko ya namna hii katika kanuni zake za mwaka 2021, lakini kwa simenti iliyopimwa. Hapa kipimo hicho ni kazi ya OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na mfuko wowote wa kwanza utakaosagwa Kivu ya Kusini utahitaji cheti kabla ya kuingia Kadutu.