Kuku Mgeni Asiingie Bandani Siku ya Kwanza

Wafugaji wengi wanaponunua matetea mnadani huogopa ugomvi bandani. Ugomvi si tatizo kubwa. Kinachomaliza kuku ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku aliyeambukizwa huonekana mzima kwa siku 5 au 6, pengine hata 15, ndipo aanze kuzubaa, kuharisha kijani na kupinda shingo. Mafua nayo yana hila yake: kuku aliyepona anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wenzake.

Kwa hiyo mgeni atengwe wiki 3 hadi 4, mbali na banda, awe na vyombo vyake vya chakula na maji. Hudumia wenyeji kwanza, wageni baadaye, kisha nawa mikono na ubadili viatu. Funua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka njia ya haja. Huko ndiko chawa hujificha. Kagua miguu pia. Magamba yaliyoinuka na kufanya ukoko mweupe ni dalili ya utitiri. Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja katika jicho moja, itolewe mapema, maana kinga huhitaji kama wiki 2 kujengeka. Wenyeji nao wawe wamechanjwa. Chanjo hiyo hurudiwa kila miezi 3.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kudonoana. Katika miaka ya 1920, Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza kwamba kila kuku hujua nani wa kumdonoa na nani humdonoa yeye. Mgeni hana nafasi katika mpangilio huo, lazima aipiganie. Watenganishe wageni na wenyeji kwa waya wa wavu kwa wiki moja, waonane bila kufikiana. Wengi huwaingiza wageni usiku na kuishia hapo. Inasaidia kidogo, lakini kukikucha vita huanza. La muhimu zaidi ni nafasi ya kukimbilia na vyombo vya ziada vya chakula na maji, ili mnyonge asizuiwe kula. Usiingize kuku mmoja peke yake, wala vifaranga kati ya wakubwa: chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi inayoharibu figo za wadogo. Ukiona damu, mwondoe aliyejeruhiwa papo hapo, kwani wenzake watamdonoa palepale hadi afe.

Kama huna pa kuwatenga wageni, usiwanunue kwanza. Tengeneza hata kibanda kidogo upande wa pili wa ua, ndipo uende mnadani.