Nani Afungue Jalada la Mama? Tokeni, Vikundi na Siri ya Mgonjwa

Katika kata kama Mandawa, wilayani Ruangwa, hakuna umbali mkubwa kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Karani wa mapokezi huweza kuwa wifi wa mgonjwa, mtaalamu wa maabara akawa jirani wa shamba la mikorosho, na mtoa dawa akawa mtu wanayesali naye safu moja. Undugu huo ni neema siku ya msiba na siku ya mavuno. Siku ambayo mama mjamzito amepimwa na kukutwa na maambukizi ya VVU, undugu huohuo ndio anaouogopa. Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo wanawafahamu vema wagonjwa wanaopita kituo kilicho jirani na kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi mji wa mbali, kwa nauli ya kukopa, ili tu wasionane na mtu anayewajua.

Jalada la karatasi lilikuwa na ulinzi wake: kabati lenye kufuli, na ufunguo mfukoni mwa muuguzi mmoja. Jalada la kidijitali halina kabati. Liko kwenye seva, na kila kompyuta ya kituo inaweza kulifikia iwapo mfumo utaruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla yake, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuamuru usiri wa majibu ya kipimo cha VVU. Hata hivyo sheria haifungi mlango kwa mkono wake. Mlango hufungwa na fundi anayeandika mistari michache ya usanidi, na mara nyingi fundi huyo huachiwa peke yake uamuzi ambao kwa haki ulipaswa kufanywa na waganga.

Mfumo wa kisasa wa hospitali aghalabu si programu moja kubwa. Ni mkusanyiko wa programu ndogo zinazoitana: moja husajili wagonjwa, ya pili hutunza majibu ya maabara, ya tatu hushughulikia dawa, ya nne rufaa. Zamani kila moja ilikuwa na orodha yake ya watumiaji na maneno ya siri. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kushika zamu: neno moja la siri la wodi nzima, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta. Mtu akihamishwa, karatasi hubaki.

Njia iliyochukua nafasi ya hiyo inaweza kueleweka kwa urahisi na mkulima yeyote wa korosho au ufuta wa Ruangwa na Nachingwea, kwa sababu anaishi nayo kila msimu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mkulima hupeleka mzigo kupitia chama chake cha msingi. Ghala hutoa stakabadhi yenye uzito, daraja na jina la mwenye mali. Tangu hapo, mnunuzi kwenye mnada hahitaji kumwona mkulima wala kupima upya kila gunia. Anaisoma stakabadhi, na anaiamini kwa sababu anamwamini aliyeitoa.

Tokeni ndiyo stakabadhi hiyo katika ulimwengu wa kompyuta. Aina inayotumika zaidi huitwa JWT, na kanuni zake zilichapishwa rasmi Mei 2015. Muuguzi huingia mara moja tu, kwa jina na neno lake la siri, kwenye seva moja inayotambua watumishi wote. Keycloak ni mojawapo ya programu za kazi hiyo. Seva humpa tokeni yenye sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta: maelezo ya namna ya kutia saini, madai, na saini yenyewe. Madai hayo husema nani ameitoa, imetolewa kwa nani, itakwisha lini, na, jambo linalohusika hapa, mwenye nayo yumo katika vikundi gani. Akibadilisha hata herufi moja ya madai, saini haikubali tena.

Lakini saini si pazia. Madai ya tokeni ya kawaida hayakufichwa. Yeyote aliyeishika anaweza kuyasoma. Kwa hiyo jina la mgonjwa, namba yake ya kliniki au ugonjwa wake havipaswi kuandikwa humo kamwe.

Sasa nani anaikagua tokeni? Kila programu ingeweza kujikagulia, lakini programu kumi zilizoandikwa na watu kumi zitakagua kwa namna kumi. Hapo ndipo unapoingia wavu wa huduma. Istio, uliotangazwa mwaka 2017 na Google, IBM na Lyft, ni miongoni mwa nyavu zinazojulikana zaidi. Katika mpangilio wake wa asili, kila programu huwekewa bawabu wake, programu ndogo iitwayo Envoy. Ombi lolote linaloingia hupita kwanza kwa bawabu. Mabawabu hutambuana kwa vyeti na kusemezana kwa njia ya fumbo, na wote hupokea amri kutoka mahali pamoja. Waganga wakiamua leo kwamba mapokezi wasione majibu ya maabara, amri huandikwa mara moja na milango yote huitii.

Amri zenyewe ni mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalowapata wengi. Ya kwanza, RequestAuthentication, humwambia bawabu amwamini mtoaji gani wa tokeni na ufunguo wa kuhakiki saini unapatikana wapi. Mtu akileta tokeni ya kughushi au iliyokwisha muda, hurudishwa kwa jibu namba 401. Hadi hapo fundi huweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Amri hiyo peke yake humkataa mwenye tokeni mbovu, lakini humpitisha asiye na tokeni kabisa. Ni kama ghala linalokamata stakabadhi bandia huku likimruhusu aliyekuja mikono mitupu aingie na kuchukua gunia. Kila anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza hushangaa, na ana haki ya kushangaa.

Amri ya pili, AuthorizationPolicy, ndiyo inayofunga. Ndani yake huandikwa sharti kwamba dai la vikundi, linalosomwa kama request.auth.claims[groups], liwe na jina fulani, kwa njia fulani na kitendo fulani. Kikundi cha maabara kinaweza kuandika majibu; kikundi cha kliniki ya tiba na matunzo kinaweza kuyasoma; kikundi cha mapokezi kinaweza kusajili na kuona siku ya miadi tu. Utaratibu wa kupima amri hizi unapaswa kufahamika: za kukataza hutazamwa kabla ya za kuruhusu, na mara programu inapowekewa amri hata moja ya kuruhusu, kila ombi lisilolingana nayo hukataliwa. Iwapo hakuna amri yoyote, wote hupita. Kwa sababu hiyo busara ni kuanza na amri tupu inayokataa kila kitu, kisha kufungua mlango mmojammoja kwa ajili ya kikundi kinachouhitaji.

Majina ya vikundi ni tanzu lenye miiba. Bawabu hulinganisha herufi kwa herufi. Keycloak, isipoelekezwa vinginevyo, huandika jina la kikundi pamoja na njia yake yote, likianza na mkwaju: “/wakunga”, wakati amri inasubiri “wakunga”. Mkwaju huo mmoja hutosha kumfungia nje mkunga usiku kucha. Upo pia mfumo mkubwa wa kampuni ya Microsoft ambao, mtumishi akiwa katika vikundi zaidi ya 200, hauorodheshi vikundi kwenye tokeni bali huweka kielekezo cha kwenda kuviuliza kwingine. Bawabu asiyekuta orodha humchukulia mtu huyo kama asiye na kikundi. Watumishi wa muda mrefu, waliopita idara nyingi, ndio wanaonaswa na jambo hili.

Zaidi ya maandishi kuna swali la maana ya kikundi. Kikundi kinachoitwa “wauguzi” ni kipana mno. Muuguzi wa kliniki ya watoto hana haja na majibu ya VVU ya mzee wa kijiji cha pili. Kikundi kizuri hufuata kazi na kituo, si cheo: wakunga wa kituo fulani, watoa dawa wa kituo fulani. Na hata hivyo kikundi kina kikomo. Bawabu anajua mlango na anajua kikundi. Hajui kama mgonjwa huyu ni wa mkunga huyu. Ukaguzi huo wa mwisho lazima ubaki ndani ya programu yenyewe, pamoja na kumbukumbu ya kila aliyefungua jalada. Wanaouza wavu wa huduma kana kwamba unamaliza kila kitu wanasahau kulisema hili.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Mama mwenye VVU akijifungua, mtoto wake anapaswa kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache. Mkunga aliyefungiwa nje ya taarifa hiyo hakulinda siri ya mama. Amepoteza nafasi ya mtoto. Vivyo hivyo kwa mama anayeletwa usiku akiwa na kifafa cha mimba, ambaye hawezi kujieleza. Kwa hiyo wakunga wa zamu wanapaswa kuwemo katika wanaosoma majibu, ilhali mapokezi, uhasibu na hata viongozi wasiomhudumia mgonjwa wanapaswa kubaki nje. Kwa dharura isiyotazamiwa huundwa kikundi cha pekee ambacho mtumishi huingizwa kwa muda mfupi akitaja sababu, na mganga mfawidhi huipitia orodha ya waliokitumia asubuhi inayofuata. Mlango wa dharura usiokaguliwa asubuhi huwa mlango wa kawaida baada ya mwezi.

Linabaki suala la muda. Tokeni ikishatolewa, bawabu huiamini hadi saa yake iishe. Hamuulizi mtoaji kila mara. Kwa maeneo ambayo mtandao hukatika, hili ni jema, kwa kuwa bawabu mwenye ufunguo wa kuhakiki anaendelea kufanya kazi hata mawasiliano na mtoaji yakilegea. Ila mtumishi aliyeondolewa kikundini leo asubuhi bado ana uwezo wake hadi tokeni ikwishe. Ndiyo maana huwekewa maisha mafupi. Keycloak huanza na dakika 5, kisha tokeni huhuishwa kimyakimya. Kuihuisha kunahitaji mtandao, na mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha dakika 5 huweza kuwa adhabu. Saa ya seva nayo ina neno: umeme ukikatika na seva ikiamka na saa iliyopotea, tokeni halali huonekana imekwisha, na wafanyakazi wote hukataliwa kwa pamoja bila yeyote kuelewa kwa nini.

Orodha ya nani awe katika kikundi gani haipaswi kuanzia kwa fundi. Inapaswa kuanzia kwenye kikao cha mganga mkuu wa wilaya, mkunga kiongozi, mratibu wa huduma za VVU na mtu wa masjala, wakiwa na karatasi na kalamu, wakiuliza mlango kwa mlango: huyu anahitaji nini ili amtibu mtu huyu? Barua ya uhamisho wa mtumishi iende kwa msimamizi wa vikundi siku ileile inapokwenda kwa mhasibu.

Kisha mfumo ujaribiwe kabla ya kuguswa na mgonjwa. Ombi la kwanza lipelekwe kwenye majibu ya maabara bila tokeni: jibu liwe 403. La pili kwa tokeni ya mapokezi: 403 tena. La tatu kwa tokeni iliyokwisha: 401. La nne kwa tokeni ya mkunga wa zamu, kutoka kompyuta ya kituo cha pembezoni, usiku, mara baada ya umeme kurudi: hilo lifunguke.