Sura ya Saba: Noah Kwenye Utelezi

Noah za 4WD zilitengenezwa zikiwalenga zaidi Wajapani wanaoishi kwenye theluji, watu wa Hokkaido na kwingineko. Huku Kagera zinakutana na utelezi wa masika. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, ikizidi kati ya Machi na Mei. Barabara kuu ya kwenda Muleba ni lami, haina neno. Shughuli huanza ukichepuka kwenda vijijini, huko milimani Kamachumu au Nshamba, kwenye udongo mwekundu.

Kabla ya kununua, soma kibati cha gari. Kwa Noah zilizoanza kutoka mwaka 2001, AZR60 huvuta kwa matairi ya mbele tu. AZR65 ndiyo 4WD. Hata hiyo AZR65, kwenye barabara kavu kazi kubwa hufanywa na matairi ya mbele. Katikati kuna kifaa chenye visahani vilivyozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Tairi za mbele zikizunguka bure, visahani vinapishana mwendo, mafuta yanapata joto na kukaza, nguvu inakwenda nyuma. Kwa hiyo mbele lazima pateleze kwanza. Dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira anachimba shimo tu. Kanyaga kidogo, bila kuachia, uipe nyuma nafasi ya kushika.

Kifaa hicho hakipendi tairi zisizolingana. Ukifunga mbili mpya na kuacha mbili zilizokwisha, kinafanya kazi hata kwenye lami, mwisho kinakufa. Tairi za theluji zinazokuja na gari nazo mpira wake ni laini, joto letu linazila haraka.

Kinachonitia hofu hasa ni mteremko. 4WD inakusaidia kupanda. Kusimama haisaidii, maana kila gari hufunga breki kwa matairi yote manne. Noah iliyojaza abiria, na mikungu ya ndizi juu ya keria, ikianza kuserereka kuelekea mtaroni, breki ya ghafla inaweza kufunga matairi na sukani isisikie tena. Weka gia ndogo ukiwa bado juu, injini ishike gari, ufuate mgongo wa barabara.

Ukikwama, utingo atakimbilia migomba iliyo jirani. Mzuie: kigogo cha mgomba kimejaa maji na kinateleza kuliko tope lenyewe. Tafuteni mawe au matawi makavu, na abiria washuke kwanza.