Fahamu: Mvua inapokosekana, njaa huanzia wapi?
Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua za kutosha zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ilidhoofisha vuli; joto la dunia nalo likakausha udongo kwa kasi zaidi. Wapo wasemao ukame ulikuwapo tangu enzi za mababu. Ni kweli, ila mfugaji wa enzi hizo alihama. Leo njia nyingi za malisho zimezibwa na mashamba na seng'enge. Kenya ilitangaza janga la kitaifa Septemba 2021, na bado mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Hata ng'ombe aliyesalia, akikonda, hanunui tena gunia la mahindi. Njaa basi huanzia mnadani, mahindi yakiwa bado yamejaa dukani.