Kuongeza Diski kwenye Seva: Mambo ya Kuzingatia kabla ya Kununua na Kufunga

Seva ndogo yenye diski kadhaa si kifaa cha mabenki na wizara pekee. Siku hizi hupatikana katika studio za picha, zahanati, shule na ofisi za vyama vya akiba na mikopo. Nafasi inapojaa, mlaji huelezwa kuwa diski zenye nembo ya mtengenezaji wa seva ni ghali, na kwamba zipo za kampuni nyingine zinazofanya kazi ileile kwa bei nafuu. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli, lakini si mara zote. Kosa katika ununuzi hugharimu fedha. Kosa katika ufungaji huweza kufuta kumbukumbu za miaka mingi.

Je, seva itaikubali?

Baadhi ya watengenezaji huweka masharti ndani ya programu ya seva. Mwaka 2025, Synology ilitangaza kuwa mashine zake mpya za kundi la Plus zitahitaji diski ilizoziidhinisha. Baada ya kulalamikiwa, ililegeza sharti hilo mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma orodha ya diski zinazokubaliwa na modeli yako halisi, kisha mtake muuzaji akuthibitishie kwa maandishi kama dhamana ya seva itaendelea.

Hakikisha pia aina ya kiunganishi. Kidhibiti cha SAS kwa kawaida hupokea diski za SATA, lakini diski ya SAS haifanyi kazi kwenye kidhibiti cha SATA.

Je, inafaa kwa kazi hiyo?

Zipo diski ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama makuti ya paa. Mtindo huo huitwa SMR. Hutoa nafasi kubwa kwa bei ndogo, lakini kubadilisha njia moja hulazimu kuandika upya zile zilizoipanda. Kazi ya kuandika ikiwa kubwa na ya mfululizo, diski hupungua kasi sana, na seva inaweza kuihesabu kuwa imeharibika na kuitoa kundini. Mwaka 2020, Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya mashine za aina hii, zilikuwa za SMR. Kwa seva, tafuta diski ya mtindo wa CMR, na usome maelezo ya namba kamili ya modeli, kwa kuwa jina la biashara pekee halitoshi.

Je, ni mpya kweli?

Diski hutunza hesabu ya saa ilizofanya kazi. Inayouzwa kama mpya huku ikionyesha maelfu ya saa si mpya. Kwa kuwa hesabu hiyo huweza kuchezewa, hakiki pia namba ya utambulisho wa diski kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kujua kama ina dhamana na inaisha lini. Dai risiti ya EFD yenye modeli ya diski. Bila risiti, malalamiko yako hukosa mguu wa kusimamia.

Nafasi utakayopata

Chukua mfano wa diski nne za terabaiti 4 katika mpangilio wa RAID 5. Nafasi ya kutumia ni terabaiti 12, kwa kuwa kiasi cha diski moja hutumika kwa kinga. Ukiongeza diski ya terabaiti 8, kwa kawaida utapata terabaiti 16 tu, kwani diski ndogo ndiyo hupanga kipimo cha zote. Terabaiti 4 zilizobaki zitakaa bure.

Hatua za kufuata

1. Weka nakala rudufu kwenye kifaa kingine, kisha jaribu kufungua baadhi ya mafaili yake.
2. Kagua afya ya diski za zamani. Iliyo dhaifu ibadilishwe kwanza. Kundi lenye mgonjwa lisipanuliwe.
3. Jaribu diski mpya kwa kuiandika na kuisoma yote kabla ya kuiingiza kundini.
4. Unganisha seva na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya upanuzi, data huweza kuharibika.
5. Ongeza diski moja baada ya nyingine. Kazi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Usizime seva wala kuchomoa diski.
6. Andika namba ya kila diski kwenye nafasi yake, ili siku ya hitilafu usichomoe iliyo nzima.

Kumbuka kuwa RAID 5 hustahimili kuharibika kwa diski moja tu, na RAID 6 diski mbili. Hakuna kati ya hizo inayokinga dhidi ya wizi, moto au faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Fundi akikwambia kuwa RAID inatosha bila nakala rudufu, usimruhusu kuanza kazi. Na muuzaji akikuuzia diski iliyotumika kwa jina la mpya, tunza boksi, risiti na picha ya hesabu ya saa, kisha wasilisha malalamiko: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.